Waridi la Kumi na Nane

Bacolod, mwezi wa Agosti, hewa ni mchuzi.
Nimefunga madirisha, nimewasha kiyoyozi cha kuazima,
nakanda fondanti juu ya meza ya plastiki
hadi viganja vinanukia vanila.
Ikikauka, hupasuka ngozi ya tembo.
Ikilowa, hulia kama bibi harusi aliyebadili nia.
Kati ya ukavu na unyevu pana upenyo mwembamba:
humo ndimo ninamoishi tangu Jumatano.

Hiyasmin wangu anatimiza miaka kumi na minane.
Desturi yetu ni hii: wanaume kumi na wanane, mmoja mmoja,
humpa waridi, humzungusha sakafuni, humwachia mwenzake.
Baba ndiye hufunga dansi.
Lakini Crisanto yuko melini, chini kabisa, penye injini,
baina ya Rotterdam na mtandao unaokatakata.

Basi nikasema mawaridi nitayafinyanga mimi,
ya sukari, yapande keki ya ghorofa tatu.
Kitovu kidogo kama kichwa cha kiberiti;
petali ya kwanza hukikumbatia,
ya pili huifunika ya kwanza bega,
ya tatu, hapo ndipo mkono huanza kusema uongo.
Kingo naziponda kwa mgongo wa kijiko
mpaka mwanga wa taa upenye
kama upenyavyo sikio la mtoto.

Sukari hii ilikuwa muwa.
Babu yangu aliukata huko Silay, mgongo umepinda kama panga lake.
Mchumia juani hulia kivulini, husema watu.
Yeye alilia juani vilevile,
na kahawa yake aliinywa chungu hadi kufa,
akisema sukari ameshaijua inakotoka.

Saa tano usiku umeme ukakatika.
Kiyoyozi kikashusha pumzi, kikanyamaza.
Kwa tochi ya simu nikaiona keki ikitoka jasho,
matone kwenye paji la ghorofa ya juu,
na mawaridi yakianza kuinama
kama waumini kwenye mahubiri marefu.

Manang Purita akaja na feni ya betri na ushauri:
bandua yote, paka krimu ya siagi, nani atajua?
Siagi nayo ilikuwa imeshageuka supu.
Tukatazamana. Kisha akafunua pipa la mchele.
Simu ikitumbukia majini si huokolewa hivi?
Tukayazika mawaridi, yote kumi na manane,
mchele hadi shingoni.

Alfajiri taa zikarudi. Tukafukua kumi na saba.
La mwisho, lile kubwa, jekundu, la baba,
tulilipapasa hadi viwiko vikawa vyeupe.
Halikuonekana, na saa hazikungoja.

Ghorofa ya chini ilikuwa imelegea upande wa kushoto.
Nikaivisha kamba za aisingi, pindo juu ya pindo:
palipoharibika ndipo panapopata pambo,
na kazi hii haina siri nyingine.
Zile keki za vikombe, sitini, watoto walilamba vichwa
wakarudisha viwiliwili kwenye sinia.

Ikafika zamu ya kumi na nane.
Mpiga kinanda akasita, akaniangalia.
Hiyasmin akaingia uwanjani peke yake,
mikono ameiinua, imeshika hewa
kwa kimo kilekile cha baba yake,
akacheza wimbo mzima bila kukosea hatua.
Mimi nilikata keki vipande vikubwa mno.

Crisanto alirudi Februari,
grisi ingali chini ya kucha.
Akataka kupika mwenyewe, jikoni kwake, moto wake.
Akachota mchele bila kuangalia,
akauosha mara moja tu, kibaharia.
Wali ukaiva una haya usoni,
wekundu hapa na pale, tena mtamu.

Akatafuna. Akasita. Akachungulia sufuria.
"Mchele wa wapi huu?"

Hiyasmin akavuta sahani ya baba yake,
akampakulia tena.